Hodi kwa Ajili ya Kindi Mwekundu

KILA mtoto aliyelelewa Mji wa Kale, Mombasa, anamjua kunguru. Ndiye aliyetuamsha alfajiri, ndiye aliyetupokonya mkate wa mofa mkononi, na ndiye tuliyemrushia mawe miaka nenda miaka rudi bila ya kumpata. Sisi watoto tulidhani ndege huyu mwenye shingo ya kijivu alikuwako tangu mji ulipojengwa. Lakini marehemu bibi yangu alikuwa akitwambia sivyo. Alipokuwa kigori, mwembe wa uani kwao haukutulia kwa sauti za ndege wadogo. Walipofika kunguru wakala mayai na makinda, na mwembe ukabaki na kunguru tu.

Bibi hakukosea. Asili ya kunguru hao ni Bara Hindi. Waliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili wale taka za mji, wakazaana, wakaifuata pwani, na kufikia miaka ya 1940 walikuwa wamekwisha kufika Mombasa. Mwaka 2024 shirika la serikali linalosimamia wanyamapori wa Kenya lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru 1,000,000.

Nimeanza na kunguru, msomaji, kwa sababu kazi niifanyayo mimi mbali na nyumbani ni hadithi iyo hiyo, ila huku mgeni aliyeletwa hana mbawa, ana mkia.

Naishi Bangor, mji mdogo ulio kaskazini mwa Wales, upande wa magharibi wa Uingereza. Nilifika mwaka 2011 kumfuata mume wangu, na mwaka wa pili yake nikajiunga na watu wanaojitolea kumlinda kindi mwekundu. Baadaye kujitolea kule kukawa ndiyo kazi yangu ya mshahara. Kila nikipiga simu nyumbani huulizwa: "Hivi kweli Wazungu wanakulipa kwa ajili ya kuchakuro?" Naam, wananilipa, ingawa si nyingi za kujengea ghorofa.

KISIWA NA MADARAJA

Mkabala na Bangor kuna kisiwa kiitwacho Anglesey, na wenyeji kwa lugha yao ya Kiwelshi hukiita Ynys Môn. Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa sana. Ni kisiwa kilichotengwa na bara kwa mlango mwembamba wa bahari wenye mikondo mikali, na juu yake kuna madaraja mawili. La kwanza lilifunguliwa mwaka 1826, na la pili, lililojengwa kwa ajili ya gari la moshi, mwaka 1850. Tofauti ni kwamba kisiwa hiki ni kikubwa, kina misitu na mashamba mengi ya kondoo na ng'ombe, na mvua yake haingoji masika wala vuli.

Kindi mwekundu ndiye kindi wa asili wa nchi hii. Manyoya yake ni ya rangi ya kutu, mkia wake ni mwingi kama ufagio mpya, na wakati wa baridi masikio yake huota vishada vya nywele. Uzito wake ni kama gramu 300 tu. Mwaka 1903 mwandishi Beatrix Potter alitoa kitabu cha watoto juu ya kindi mwekundu mtundu aitwaye Squirrel Nutkin, na mpaka leo watoto wa Uingereza husomewa kitabu hicho. Lakini aghalabu yao hawajapata kumwona kindi huyo kwa macho. Wanayemwona bustanini ni kindi wa kijivu.

Huyo wa kijivu ni mgeni kutoka Marekani Kaskazini. Matajiri wa karne ya 19 walimleta awe pambo la bustani zao. Inajulikana kwamba wengine waliachiwa mwaka 1876 huko Henbury, Cheshire, na kuachiwa huko kuliendelea hapa na pale mpaka miaka ya 1920. Hapakuwa na nia mbaya. Kama alivyokuwa aliyewaleta kunguru Unguja, kila mmoja alidhani anafanya jambo jema.

Kumbe wa kijivu ana nguvu mbili. Kwanza, mwili wake ni karibu mara mbili ya wa mwekundu, na tumbo lake linaweza kuyasaga matunda ya mwaloni yakiwa bado mabichi. Mwekundu hawezi, hungoja yaive, na akija hakuti kitu. Pili, amebeba virusi vya ndui ya kindi. Yeye mwenyewe havimdhuru. Mwekundu akiambukizwa hutoka vidonda machoni, mdomoni na miguuni, asione wala asile, na mara nyingi hufa katika muda wa wiki mbili. Leo katika Uingereza wa kijivu ni zaidi ya 2,000,000. Wekundu hawafiki 300,000, na wengi wao wako Scotland.

Hapa Anglesey wa kijivu walianza kuonekana katika miaka ya 1960, na inaaminika walivuka kwa madaraja yale yale tupitayo sisi. Kufikia mwaka 1998 wekundu waliosalia kisiwani walikuwa kama 40 tu. Mwanamke mmoja mzee, Esmé Kirby, mkulima aliyejulikana kwa kuitetea milima ya Snowdonia, alisimama akasema kisiwa hiki chaweza kusafishwa. Alifariki mwaka 1999, kazi ikiwa ndiyo kwanza imeanza, na wengine wakaiendeleza chini ya mtaalamu Craig Shuttleworth. Wa kijivu zaidi ya 6,000 waliondolewa. Mwaka 2004 wekundu walirudishwa katika msitu wa Newborough, kusini mwa kisiwa. Mwaka 2015 Anglesey ikatangazwa kwamba haina tena kindi wa kijivu, na sasa wekundu wake wanahesabiwa kwa mamia.

MLANGO WA KWANZA

Watu wakizisikia hesabu hizo hudhani ushindi ni wa mitego. Mimi nimejifunza kwamba mtego ndio kitu chepesi kuliko vyote. Ni tundu la waya lenye mlango wa kujifunga na konzi ya mahindi ndani yake. Kilicho kigumu ni mahali pa kuliweka. Kila mti huku una mwenyewe. Kindi hajui mpaka wa shamba, lakini sisi tunaujua, na hatuwezi kuingia hata hatua moja bila ya idhini. Mashamba kumi yakikubali na moja la katikati likikataa, wa kijivu watakaa katika lile moja, wazae, kisha wayarudie yale kumi. Basi kazi yangu kubwa si msituni. Kazi yangu ni kubisha hodi.

Hodi yangu ya kwanza siisahau. Lilikuwa shamba la kondoo upande wa bara, mwenyewe mzee wa miaka sabini na kitu. Fikiria, msomaji: mvua ya manyunyu, mwanamke mweusi aliyejitanda mtandio, gambuti miguuni hadi magotini, amesimama mlangoni na mkoba wa karatasi, na mbwa anabweka. Mzee alifungua dirisha kidogo akasema, "Sinunui kitu," akafunga.

Nilirudi baada ya wiki mbili, na safari hii nilitangulia kumwamkia kwa Kiwelshi: "Bore da," yaani habari za asubuhi. Nilikuwa nimejifunza maneno kama ishirini hivi, na nadhani nilikuwa nikiyatamka vibaya sana, kwa sababu alicheka. Sikutaja kindi. Nilimwuliza habari za kondoo wake, akanieleza kwa muda wa nusu saa. Mara ya tatu aliniambia niingie ninywe "panad", ndivyo wakiitavyo kikombe cha chai watu wa kaskazini mwa Wales. Hapo nikajua kwamba kumbe adabu ni moja dunia nzima. Kwetu pia mtu haingii nyumbani kwa watu akaanza na shida yake kabla ya kuulizana hali.

Baada ya chai alinichukua kunionyesha miti aliyoipanda alipozaliwa mjukuu wake. Magome yalikuwa yamebanduliwa kuzunguka shina, na mingine ilikuwa imekwisha kukauka. Alidhani ni kazi ya kulungu. Nikamwonyesha alama za meno: ni kindi wa kijivu, ambaye hubandua magome wakati wa machipuko na mwanzo wa kiangazi. Mzee alikaa kimya, akaupapasa mti mmoja kwa kiganja, kisha akatoa ufunguo wa lango mfukoni. "Wekeni mitego yenu," akasema, "lakini lango langu lifungwe."

KIDOLE KIMOJA

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mshahara unalipwa kwa mtu mmoja au wawili, lakini kazi hii wanaibeba watu wa kujitolea. Katika kundi letu yumo mwalimu aliyestaafu, yumo muuguzi wa zamani, wamo wanafunzi, na yumo mpeleka barua ambaye kwa kazi yake ameona kindi wengi kuliko sisi sote. Wao ndio wanaokagua mitego kila siku, kwa sababu mnyama asiachwe tunduni kwa njaa na baridi, na mwekundu akiingia kwa makosa aachiwe mara moja. Wao ndio wanaoosha kwa dawa visanduku vya chakula, maana kisanduku kichafu ni njia ya ugonjwa. Wao hutundika mabomba madogo yenye gundi ndani, kindi akipita anaacha unywele, nasi tukiuchunguza tunajua ni wa nani. Wengine hufunga kamba juu ya barabara ili wekundu wavuke bila ya kukanyagwa na magari. Aliyeyaona madaraja ya mbega kule Diani anajua ninalolisema.

Siwezi kusema hatukuwahi kuharibu. Siku moja mtu wetu mmoja, kijana mwema lakini mwenye haraka, alikagua mtego kwa yule mzee na akaondoka bila ya kufunga lango. Kondoo wa mzee wakaingia shamba la jirani, wakachanganyika na wenzao, na ilikuwa karibu ya msimu wa kuzaa. Mzee alinipigia simu. Hakupaza sauti. Alisema neno moja tu: "Ufunguo."

Niliupeleka ufunguo mwenyewe. Kijana nikamchukua, tukavaa gambuti, tukashinda siku mbili matopeni tukisaidia kuwatenga kondoo. Hatukuomba chochote. Wiki iliyofuata nikapika mahamri ya iliki, nikayapeleka yangali moto. Mzee alikula manne, akauliza ni kitu gani hiki, asiseme lolote juu ya mitego. Ilipita miezi mitano kabla ya kuupata tena ufunguo ule. Katika miezi hiyo mitano kindi wa kijivu hawakulala. Ndipo nilipoelewa kwamba lango moja lililoachwa wazi kwa dakika kumi laweza kubomoa kazi ya miaka miwili.

SWALI LA MAMA

Sasa nije kwenye lile ambalo msomaji huenda amekwisha kujiuliza. Yule wa kijivu akishanaswa hufanywa nini? Huuawa. Sheria ya nchi hairuhusu kumwachia tena. Huuawa papo hapo na mtu aliyefunzwa, bila ya kuteswa. Mimi pia nimefunzwa, na nimefanya.

Nilipomweleza mama kwa simu, alinyamaza kitambo kisha akaniuliza: "Mwanangu, na huyo wa kijivu ana kosa gani?"

Usiku ule sikupata jibu. Hana kosa. Anakula kama alivyoumbwa kula. Kosa ni la binadamu waliomvusha bahari kwa ajili ya pambo, nao wamekwisha kufa zamani. Nilimwambia mama kesho yake kwamba sisi waliobaki tumeachiwa mambo mawili tu: kuua wachache sasa au kukaa tukitazama mwekundu akimalizika, na kukaa kutazama nako ni kuua. Nikamwambia pia kwamba wataalamu wana tumaini jingine. Kuna mnyama mmoja wa jamaa ya kicheche ambaye binadamu walikuwa karibu kummaliza katika visiwa hivi. Ireland na Scotland, mahali aliporudi yeye, wa kijivu wamepungua na wekundu wameongezeka, kwa sababu mwekundu ni mwepesi na amezoeana naye tangu zamani. Hapa Wales pia ameanza kurudishwa. Huenda siku moja, inshallah, mitego ikapumzika.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akanikumbusha tuliyofunzwa chuoni, kwamba hata anayechinja atakiwa anoe kisu chake na asimtese mnyama. Kisha akasema: "Basi usizoee." Maneno hayo nimeyaweka moyoni. Kila ninapomfunza mtu mpya wa kujitolea, namtazama. Akicheka mbele ya mtego, simpi kazi hiyo. Namweka kwenye kuosha visanduku.

BUSTANI YA KATIKATI

Wekundu wa Anglesey walipozidi walianza kuvuka kuja upande wetu wa bara, wakakaa katika misitu iliyo karibu na Bangor. Tulifurahi mno. Lakini kati ya mashamba mawili yaliyotukubalia palikuwa na nyumba ya mama mmoja mjane, mwenye bustani kubwa ya miti. Yeye aliwapenda kindi wa kijivu. Aliwatilia njugu mezani kila asubuhi na kuwaita kwa majina. Nilibisha kwake mara nyingi. Alinipokea kwa heshima zote, akanipa chai, na akakataa. "Hawa ndio wanaonitembelea," aliniambia. Mtu atamjibu nini?

Mwaka 2020 korona ikaingia. Tulifungiwa majumbani, na mitego mingi ikakaa bure. Mwishoni mwa mwaka ule ndui ikazuka. Wa kwanza nilimwokota mimi mwenyewe chini ya mwaloni, macho yake yameziba kabisa, bado ana joto. Nilimtia katika mfuko kwa ajili ya kupimwa, nikakaa juu ya gogo nikalia. Katika miezi michache sehemu kubwa ya kindi wekundu wa upande wa Bangor walikufa. Kisiwa kilisalimika, lakini kwa muda ule wote hatukulala tukiyafikiria yale madaraja.

Ugonjwa ulipitia wapi, hakuna awezaye kusema, na sikumlaumu mtu. Lakini asubuhi moja yule mama mjane alinipigia simu. Kindi mwekundu, wa kwanza kuja bustanini kwake, alikuwa amejikunja juu ya meza ya njugu, hawezi kwenda. Nilipofika nilimkuta mama amesimama dirishani na shali mabegani, hakutaka kutoka nje. Nilimchukua yule kindi. Nilipogeuka, mama aliniuliza kama ni ile meza. Nikamwambia ukweli: mahali ambapo wa kijivu na wekundu wanakula pamoja, ugonjwa hupata njia.

Siku ya pili meza ile haikuwapo. Mitego bado amekataa, mpaka leo hii. Lakini ameturuhusu tuweke kamera ya kujipigia picha yenyewe, na akiona kindi wa kijivu hunipigia simu, akaniambia ameelekea shamba gani. Kwa wengine hiyo ni nusu ya idhini. Mimi nimeipokea kama idhini kamili, kwa sababu najua amelipa nini kuitoa. Wekundu wameanza kurejea polepole katika misitu ile, na kazi imeanza upya.

Nawaandikia haya ndugu zangu wa pwani kwa sababu vita vya kunguru vimo mikononi mwenu. Sumu na mitego serikali yaweza kuvileta. Lakini kunguru hajengi kiota serikalini. Anajenga katika mwembe wa uani kwa fulani, anakula taka zilizomwagwa nyuma ya duka la fulani, na kila uani una mwenyewe. Mwenye kupewa kazi hiyo, nampa rai ya bure: abishe hodi, aulize hali kwanza, na akiruhusiwa kuingia, afunge lango anapotoka.

Mimi kesho asubuhi, Mungu akipenda, nina safari ya kwa mama mjane kubadilisha betri ya kamera. Nitamchukulia mahamri. Juu ya mitego sitamwuliza, mpaka ataje mwenyewe.